Skani ya mifupa si ya wagonjwa wa saratani peke yao: barua ya wazi kwa wenye dhamana ya afya

Temeke, Dar es Salaam

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Mganga Mkuu wa Serikali,
Wakurugenzi wa hospitali za rufaa za Dar es Salaam,
Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania,
na Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya.

YAH: WAGONJWA WA MIFUPA WASIO NA SARATANI WAFUNGULIWE MLANGO WA SKANI YA NYUKLIA

Waheshimiwa, shikamooni mlio wakubwa zangu, na salamu kwenu nyote.

Kwa mwaka mmoja na miezi mitatu, saa nane usiku nyumbani kwetu ilikuwa saa ya kuamka. Kijana wangu, wakati huo ana miaka 14, alikuwa anakaa ukingoni mwa kitanda amelikumbatia goti la kulia kwa mikono miwili, anajitikisa mbele na nyuma, meno ameyauma, sauti haitoki kwa sababu hakutaka kuwaamsha wadogo zake. "Mama, limeanza tena." Nampa kidonge cha diklofenaki na kipande cha mkate asimeze tumbo likiwa tupu, nakaa naye. Nusu saa ikipita analala kama vile hakukuwa na kitu. Asubuhi anakwenda shule. Jioni anacheza mpira. Ukimwona mchana ungesema mama huyu anamsingizia mtoto ugonjwa.

Panadol haikumgusa. Diklofenaki ilimtuliza ndani ya nusu saa. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba tofauti hiyo peke yake ilikuwa inasema ugonjwa ni upi, na ilikuwa mbele ya macho yetu miezi yote ile bila mtu wa kuisoma.

Tulianzia zahanati. Wakampima malaria, taifodi na U.T.I., kama tunavyopimwa wote tukienda na malalamiko yoyote yale. Tukapanda kituo cha afya, tukapanda hospitali. Majina ya vituo sitayataja, kwa sababu siandiki kumshitaki mtu, na kila tuliyekutana naye alifanya kwa kadiri ya alichokijua. Goti lilipigwa eksirei mara tatu, na mara zote tatu picha ilitoka safi. Mmoja akasema ni maumivu ya kukua. Mwingine akasema aache mpira. Mwingine akaandika vidonge vya kalsiamu. Shemeji yangu wa Mkuranga akanipigia simu usiku mmoja, kwa upendo kabisa, akaniambia mtoto amechezewa na kuna mzee anamfahamu. Sikumpeleka, lakini nakiri nililala na wazo hilo siku mbili.

Hatimaye tukampata daktari wa mifupa, kijana mdogo, ambaye alifanya kitu kidogo sana: alimgeukia mtoto badala yangu. Linauma zaidi saa ngapi? Dawa gani inalituliza? Ukikimbia linazidi au liko vile vile? Akamlaza, akaukunja mguu kwenye nyonga, akauzungusha taratibu, akamwona mtoto anakaza uso. Akarudi mezani akaandika rufaa. "Mama, nataka tupige skani ya mifupa ya mwili mzima. Goti linalalamika, lakini sina hakika kama kosa ni lake."

Juu ya karatasi ile paliandikwa "Tiba ya Nyuklia". Nikaipeleka nyumbani, nikaiweka kwenye droo chini ya vyeti vya kuzaliwa, na humo ikakaa miezi minne.

Waheshimiwa, mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari. Kila mwaka nawafundisha kidato cha nne habari za mionzi: alfa, beta na gama, nachora ubaoni mstari unaoshuka, nawauliza baada ya nusumaisha tatu, yaani muda wa mionzi kupungua kwa nusu mara tatu, inabaki sehemu gani. Nayajua haya usingizini. Na bado niliogopa karatasi. Niliogopa kwa sababu kabla sijawa mwalimu mimi ni mtu wa mtaani, na mtaani kwetu neno "mionzi" lina maana moja tu. Tunasema "anapigwa mionzi", "amebakiza mionzi mitano", na anayesikia anashusha sauti. Ukimwambia jirani kwamba unampeleka mtoto Ocean Road, taasisi ya saratani ya hapa Dar es Salaam, haulizi anaumwa nini, anakushika mkono tu. Taasisi ile imewahudumia maelfu ya Watanzania, na huduma za tiba ya nyuklia zimekuwa zikitolewa pale kwa miaka mingi. Lakini jina lake limebeba saratani kiasi kwamba chochote chenye harufu ya mionzi, popote kitakapofanyika, mzazi anakisoma hivyo hivyo. Nilijiambia: nikimpeleka nitaambiwa, nisipompeleka sitaambiwa. Nikaendelea kununua diklofenaki.

Aliyeifungua droo ni mtoto mwenyewe. Usiku mmoja, dawa ikiwa bado haijashika, aliniuliza: "Mama, ile karatasi ya daktari ilikwenda wapi?"

Naomba niieleze skani hii kama ninavyoieleza darasani siku hizi, maana wakati ule hakuna aliyenieleza hivi, na naamini hakuna anayewaeleza wengi wa wanaopewa ile karatasi.

Mfupa si jiwe. Kila siku kuna seli zinazobomoa mfupa wa zamani na seli nyingine zinazojenga mpya. Penye ufa, maambukizi, uvimbe au msuguano, ujenzi unaongezeka. Wataalamu huchukua kemikali inayofanana na fosfeti, kitu ambacho mfupa hukishika unapojengwa, wanaibandika teknetiamu 99m, elementi inayotoa mionzi ya gama, kisha wanamdunga mgonjwa mshipani. Dawa inazunguka na damu. Karibu nusu yake inanaswa na mifupa, iliyobaki figo zinaitoa kwa mkojo. Baada ya saa mbili hadi nne mgonjwa analala kitandani na kamera ya gama inapita juu yake. Kamera hiyo haimpigi mgonjwa mionzi yoyote, inapokea tu ile inayotoka mwilini mwake. Pale ambapo mfupa unajengwa kwa kasi, dawa imejikusanya, na kwenye picha panatokea doa jeusi.

Eksirei inakuonyesha nyumba ilivyo. Skani inakuonyesha mafundi wamekusanyika chumba gani. Nyumba inaweza kuonekana nzima kwa nje huku mafundi wamejazana jikoni wanaziba ufa. Eksirei ya kawaida haitaona upungufu mpaka kati ya asilimia 30 na 50 ya madini ya mahali hapo iwe imekwisha ondoka. Ndiyo maana maambukizi ya mfupa huweza kuchukua siku 10 hadi 14 kabla hayajaonekana kwenye eksirei, wakati skani inaweza kuyaonyesha ndani ya siku mbili tatu. Na kwa sindano moja inaangalia mwili mzima, utosini hadi vidole vya miguu, bila daktari kulazimika kujua mapema aangalie wapi.

Na hofu ya mionzi yenyewe? Nusumaisha ya teknetiamu 99m ni saa 6. Ukidungwa saa mbili asubuhi, saa nane mchana imebaki nusu. Saa mbili usiku, robo. Saa nane usiku, sehemu moja ya nane. Kesho yake saa mbili asubuhi, moja ya kumi na sita, na hapo sijaitoa iliyokwenda na mkojo. Mtu mzima anayepigwa skani hii hupata karibu milisiveti 3 hadi 5 za mionzi, na mtoto hupimiwa dawa kwa uzito wake. Kwa wastani wa dunia nzima, binadamu hupata milisiveti 2.4 kila mwaka kutoka ardhini, angani na kwenye chakula, bila kuugua wala kwenda hospitali. Hesabu hiyo ningeweza kuifanya kwenye kiganja cha mkono wangu. Droo ikabaki imefungwa kwa sababu hofu yangu haikuwa ya hesabu, ilikuwa ya neno.

Siku ya kwanza tulifika kituoni saa moja asubuhi. Tulikuwa wagonjwa sita kwenye benchi pamoja na waliotusindikiza. Ilipogonga saa nne akatoka dada mwenye koti jeupe, akasema kwa upole, "Poleni sana wazazi wetu, dawa ya leo haikufika. Tutawapigia simu." Pembeni yangu palikuwa na mzee aliyetoka Kilwa kwa basi la usiku, kiatu kimoja amekikata kidoleni kwa sababu ya uvimbe. Hakugomba. Aliikunja karatasi yake mara nne, akaiweka mfuko wa shati, akaninong'oneza, "Basi Mungu hakupenda." Tuliporudi wiki mbili baadaye nilimtafuta kwenye benchi. Hakuwapo.

Safari ya pili dawa ilikuwapo. Kijana alidungwa akiwa amelala chini ya kamera, picha za kwanza zikachukuliwa papo hapo damu ikiwa inaingia miguuni, kisha wakatuambia tukasubiri kwa muda wa saa tatu na anywe maji mengi. Tulikaa nje chini ya mwarobaini. Alikunywa chupa mbili, akaenda chooni mara nne. Kabla ya kurudi ndani wakamwambia aende tena, kwa sababu mkojo ukiwa na dawa, kibofu kikijaa kinaificha nyonga kwenye picha. Nilishangaa jinsi kitu kidogo namna hiyo kinavyoweza kuharibu kazi ya asubuhi nzima. Kamera ikaanza kichwani, ikashuka polepole. Kwenye skrini mifupa ikawa inajichora nukta kwa nukta: fuvu, mbavu, uti wa mgongo. Niliyakodolea macho magoti. Yalikuwa sawasawa, kulia na kushoto, mistari ya ukuaji imekolea pande zote mbili kama ilivyo kwa mtoto yeyote anayerefuka. Lakini juu, kwenye shingo ya mfupa wa paja la kulia, palikuwa na doa, na ndani ya doa nukta nyeusi zaidi.

"Mama," akasema daktari wa pale, "goti halina kosa lolote."

Nyonga ikiuma, mishipa ya fahamu inaweza kuupeleka uchungu gotini. Mwaka mzima na zaidi tulikuwa tunapiga picha mahali ambapo ugonjwa haupo. Wakapiga eksirei ya nyonga siku ile ile, nayo haikuonyesha kitu cha kushika. Ilikuwa siti skani, sasa wakijua waelekeze wapi, iliyoonyesha kitundu kidogo kuliko punje ya hindi. Kinaitwa osteoidi osteoma. Ni uvimbe wa mfupa, si saratani, hausambai, huwapata zaidi vijana kati ya miaka 10 na 25, wavulana kuliko wasichana. Unauma usiku kwa sababu unatengeneza kwa wingi kemikali iitwayo prostaglandini, na dawa za jamii ya diklofenaki huizuia kemikali hiyo hiyo. Ndiyo ile habari ya nusu saa.

Akafanyiwa upasuaji, kile kitundu kikatolewa, maabara ikathibitisha. Usiku wa pili tangu arudi nyumbani niliamka saa nane kwa mazoea. Nikaenda mlangoni kwake nikasimama. Alikuwa amelala kifudifudi, mkono umening'inia chini.

Ningeweza kuishia hapo na kumshukuru Mungu. Nawaandikia kwa sababu tangu siku ile nimekuwa nikiwaona wengine.

Mwalimu mwenzangu ana binti mwenye selimundu, ugonjwa ambao mtaani tunauita siko seli. Nchi yetu inakadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 kila mwaka wanaozaliwa nao, kwa hiyo simsemi mtoto mmoja. Kila mguu wa binti ukivimba na homa ikapanda, swali ni lile lile: kipande cha mfupa kimekosa damu, au kuna usaha ndani? Kwa mgonjwa wa selimundu mfupa kukosa damu hutokea mara nyingi zaidi sana kuliko maambukizi, lakini maambukizi yakipuuzwa yanaula mfupa, na mara nyingi mdudu wake ni salmonela. Matibabu hayafanani hata kidogo. Mmoja anahitaji maji, dawa ya maumivu na muda. Mwingine anahitaji antibayotiki kwa wiki kadhaa, pengine na kisu. Mama yake ananiambia huwa wanapewa vyote kwa pamoja, kwa kubahatisha, na kila safari binti anakaa wodini wiki tatu akikosa masomo.

Hapa nataka niseme kweli yote, kwa sababu sitaki mtu aisome barua hii akadhani skani ni mganga. Kwa selimundu, skani ya mfupa peke yake inaweza kumpoteza daktari: kipande kilichokosa damu siku za mwanzo huonekana kimefifia, kikianza kupona kinakuwa cheusi, na usaha nao ni mweusi. Lakini ikifanywa pamoja na skani ya uboho, ambayo inatumia teknetiamu ile ile iliyobandikwa kwenye kemikali nyingine, picha mbili zinasaidiana. Uboho ukiwa umezimika mahali pale, mashaka yanaelemea upande wa kukosa damu. Uboho ukiwa mzima huku mfupa ni mweusi, usaha unapanda juu ya orodha. Hiyo ni kazi inayowezekana pale palipo na kamera, dawa na mtaalamu aliyezoea kusoma picha za watoto. Inataka daktari wa watoto ajue kwamba anaruhusiwa kuomba.

Wapo vijana wanaojiandaa kwa mazoezi ya kijeshi au mbio ndefu, wanaoambiwa ugoko unauma kwa uvivu, kumbe mfupa una ufa wa kuchoka ambao eksirei inaweza isiuone kwa wiki mbili au zaidi. Wapo waliopata ajali za bodaboda wakawekewa vyuma, na mwaka mmoja baadaye mguu unauma, hakuna anayejua kama chuma kimelegea, mfupa haujaunga au kuna wadudu. Wapo wenye goti au nyonga ya bandia. Wapo ambao baada ya kuvunjika mkono unabaki umevimba, unatoka jasho, hautaki hata kuguswa na shuka. Hawa wote hawana saratani. Wote skani inaweza kumpa daktari wao mahali pa kuanzia.

Inaweza, nasema, si lazima. Doa jeusi linasema "hapa kuna kazi", halisemi ni kazi gani. Kuna jino bovu linalotoa doa, kuna baridi yabisi, kuna mbavu iliyopasuka mwaka jana. Mwanamke mwenye mimba inabidi asubiri isipokuwa pana sababu nzito. Na pale ambapo mahali pa kuangalia panajulikana na MRI (kipimo cha picha kinachotumia sumaku) ipo, MRI haina mionzi hii kabisa, daktari ataichagua, hasa kwa mtoto. Siombi kila anayeumwa mgongo apelekwe. Naomba asiyejulikana anaumwa nini, aliyezunguka na eksirei safi tatu mkononi, asizuiwe na neno.

Lipo jambo la dawa kutofika, na hapa nawageukia Tume ya Nguvu za Atomu pamoja na wote wanaogonga mihuri bandarini na uwanja wa ndege. Teknetiamu haiwekwi stoo. Inatokana na molibdeni 99, yenye nusumaisha ya saa 66, ambayo huzalishwa kwenye mitambo michache tu duniani, kama vile Petten nchini Uholanzi, Mol nchini Ubelgiji na Pelindaba nchini Afrika Kusini. Husafirishwa ikiwa ndani ya kifaa kilichozungushiwa madini ya risasi, na kila asubuhi wataalamu hupitisha maji ya chumvi ndani yake kuitoa teknetiamu. Wenyewe huita kukamua ng'ombe, na mfano unafaa: amekamuliwa leo, kesho ana maziwa tena, ila kila siku yanapungua. Mzigo huo ukilala saa 24 ukisubiri saini, karibu asilimia 22 ya molibdeni imekwenda kabla boksi halijafunguliwa. Hesabu hii naweza kumpa mwanafunzi wangu aifanye. Hakuna bidhaa nyingine hospitalini inayooza kwa kasi ambayo unaweza kuipigia hesabu mapema hivi, na kwa hiyo hakuna sababu ya kibali chake kutafutwa mzigo ukiwa tayari umetua.

Najua mengine yako nje ya uwezo wetu. Mwaka 2009 na 2010, mtambo wa Chalk River nchini Kanada na ule wa Petten ulipokuwa umesimama, hata hospitali za nchi tajiri ziliahirisha wagonjwa. Uhaba wa dunia hatuuwezi. Simu kwa mzee wa Kilwa kabla hajapanda basi, hiyo tunaiweza.

Mheshimiwa Waziri, nawe Mganga Mkuu, ombi langu kwenu ni kwamba mwongozo wa rufaa uwataje kwa jina wagonjwa wa mifupa wasio na saratani: maumivu ya usiku yasiyoelezeka kwa kijana, maambukizi yanayoshukiwa, ufa wa kuchoka, selimundu yenye homa na uvimbe, vyuma na viungo vya bandia vinavyouma. Mwongozo ukiwataja, daktari wa wilaya hataona aibu kuandika, na atakayempokea hatamuuliza "kwani huyu ana saratani?" Muwape madaktari wa mifupa na wa watoto siku chache za kukaa kwenye chumba cha kamera waone picha zikisomwa. Yule kijana aliyeandika rufaa yetu aliniambia aliwahi kukaa huko wiki moja akiwa mwanafunzi. Wiki moja ndiyo iliyonirudishia usingizi wa mwanangu.

Wakurugenzi, wapangieni wagonjwa hawa siku yao, hata kama ni asubuhi moja kwa wiki, na sehemu yao ya kusubiri. Mtoto wa miaka 14 aliyekaa saa tatu katikati ya watu waliodhoofu kwa ugonjwa mzito anakuja na maswali usiku ambayo mama yake hana majibu yake. Na hao wagonjwa wenyewe wanastahili mahali pao pa faragha, wasiwe kitu cha kutazamwa na sisi tulioingia na hofu zetu.

Mfuko wa Bima, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipita mwaka 2023, na vitita vya mafao ndivyo vitakavyoamua nani anaonekana na nani haonekani. Skani ya mifupa iandikwe humo kwa ugonjwa wa mfupa, bila kufungwa kwenye saratani. Na mgonjwa aambiwe bei na mchango wake kabla hajatoka nyumbani kwake, si dirishani.

Nyote kwa pamoja, nawaomba jina. Tuiite skani ya mifupa, kwenye fomu, kwenye kibao cha mlangoni, kwenye ujumbe wa simu. Neno nyuklia libaki kwenye vitabu vya wataalamu na kwenye darasa langu. Na kila karatasi ya rufaa ifungwe pamoja na ukurasa mmoja wa maelezo kwa Kiswahili. Sikutaka kuomba bila kuleta kitu, kwa hiyo nimeuandika:

"Daktari ameomba upigwe skani ya mifupa. Skani hii inatafuta mahali ambapo mfupa unajengwa kupita kawaida. Sababu zake ni nyingi: ufa mdogo, maambukizi, mfupa kukosa damu, uvimbe usio saratani, na wakati mwingine saratani. Kuandikiwa skani hii hakuna maana kwamba una saratani. Si tiba ya mionzi, na nywele hazitoki. Utadungwa sindano moja mshipani, utasubiri saa mbili hadi nne, kisha utalala kitandani utulie wakati kamera inapita juu yako bila kukugusa. Huhitaji kufunga. Kunywa maji mengi na nenda haja ndogo mara kwa mara, hasa kabla ya picha. Dawa inapungua kwa nusu kila baada ya saa 6, na nyingine inatoka kwa mkojo. Kama una mimba, unadhani unayo, au unanyonyesha, sema kabla ya sindano. Jioni ya siku moja kabla ya miadi tutakupigia simu kukuambia kama dawa imefika. Usisafiri kabla hatujakupigia. Sindano inauma kidogo."

Sentensi ile ya mwisho mimi nilikuwa nimeiandika "sindano haiumi". Kijana wangu, ambaye sasa ana miaka 17, aliusoma ukurasa wote kabla sijauambatanisha, akachukua kalamu akairekebisha.

Nakala safi ninayo, nami niko tayari kuileta Dodoma au popote mtakaponielekeza.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa fizikia na mzazi,
Temeke, Dar es Salaam